Tapeti Zinalia kwenye Beetle: Pima Kabla ya Kugusa Skrubu

Mwenye Beetle akikuambia injini yake imekuwa kimya sana siku hizi, usimpongeze. Kwenye injini ya Volkswagen inayopozwa kwa hewa, ule mlio mwembamba wa cherehani unaotoka nyuma ya gari ni dalili kwamba valvu zina nafasi ya kufunga sawasawa. Nafasi hiyo ikiisha, mlio nao unaisha. Valvu inabaki wazi kidogo, na ya ekzosi inaanza kuungua. Gari litaendelea kutembea, pengine miezi, mpaka siku kichwa cha valvu kikatike na kudondokea juu ya pistoni. Hapo huongelei tena kupima tapeti, unaongelea kununua injini.

Ndiyo maana sipendi ile tabia ya gereji nyingi: mteja analalamika kelele, fundi anafungua kava la tapeti injini ikiwa bado ya moto, anakaza skrubu mpaka kelele inakata, anachukua hela yake. Mteja anaondoka na furaha na valvu iliyobanwa. Kelele ni swali. Jibu lake linapatikana kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), na mara nyingine linapatikana mbali kabisa na tapeti.

Ninazozungumzia hapa ni injini za 1300, 1500 na 1600 zenye kabureta, ambazo ndizo nyingi. Nafasi yake, yaani mwanya kati ya skrubu ya tapeti na ncha ya valvu, ni milimita 0.15, inleti na ekzosi sawa, injini ikiwa baridi. Injini za 1200 za miaka ya mwanzo zina vipimo vyake, kwa hiyo fuata kitabu cha mwaka wa gari lako. Beetle za Mexico za miaka ya 1990 zenye sindano za mafuta zina lifta za haidroliki zinazojirekebisha zenyewe, na mengi ya hapa chini hayazihusu.

Kwenye mazungumzo ya gereji, “tapeti” ni kila kitu kilichoko kati ya kamshafti na valvu. Hapa nitaita lifta kile kipande chenye uso bapa kinachokaa juu ya nundu ya kamshafti, ili tusichanganyane.

Mlio unapozaliwa

Kamshafti, ile shafti yenye nundu, imelala katikati ya injini, chini ya krankishafti. Nundu yake inasukuma lifta, lifta inasukuma pushirodi iliyomo ndani ya bomba lake, pushirodi inainua upande mmoja wa roka, na upande wa pili wa roka unakandamiza valvu. Kila kiungo katika mnyororo huo kinaweza kugonga.

Kuna jambo moja la muundo ambalo ukilikariri litakuokolea muda na hela: kamshafti hii ina nundu nne tu kwa valvu nane. Nundu moja inahudumia lifta mbili, moja ya upande wa kulia na moja ya upande wa kushoto. Inleti ya silinda 1 na inleti ya silinda 3 zinatumia nundu moja, na ekzosi zao vivyo hivyo. Silinda 2 na 4 nazo zinagawana hizo mbili zilizobaki. Ukiwa umekaa ndani ya gari ukitazama mbele, silinda 1 na 2 ziko kulia, 3 na 4 kushoto. Namba 1 na 3 ziko mbele, upande wa flaiwili, 2 na 4 ziko nyuma upande wa puli. Kwenye kila hedi, valvu za ekzosi ni zile mbili za pembeni, na za inleti zimekaa katikati.

Je, ni valvu kweli?

Valvu hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankishafti. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, kwenye mizunguko kama 850 kwa dakika, valvu moja iliyolegea itagonga mara saba hivi kwa sekunde. Kitu kinachogonga kwa mwendo wa krankishafti kitagonga mara kumi na nne. Sikio halihesabu haraka hivyo, lakini taa ya taimingi inaweza kukusaidia. Ibane kwenye waya wa plagi namba 1, iwashe, kisha sikiliza huku ukitazama mwanga. Taa inawaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Mlio ukienda pamoja na mwanga, uko kwenye familia ya kamshafti. Ukisikia milio miwili kwa kila mwako, acha tapeti, tafuta kwenye beringi, flaiwili au puli.

Tahadhari: pampu ya petroli ya kimakanika na distributa vyote vinazunguka kwa nusu ya mwendo wa krankishafti, kwa hiyo vinagonga kwa mdundo uleule wa valvu. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye mwili wa pampu na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha hamia kwenye kava la tapeti la kulia, halafu la kushoto. Pale panapogonga kwa ukali zaidi ndipo pa kuanzia. Angalia nywele, mikono ya shati na mkanda wa feni unapofanya hivyo.

Kuna milio kadhaa inayosingiziwa valvu kila siku.

Kuvuja kwa ekzosi pale bomba linapoungana na hedi ndiko kunakodanganya kuliko vyote. Kunatoa “tek-tek-tek” kavu, kali zaidi asubuhi na unapopanda mlima, na mara nyingine kunapungua chuma kikipata joto na kutanuka. Washa injini ikiwa baridi kabisa, kisha mtu azibe kidogo mirija miwili ya nyuma kwa kitambaa kinene kilicholoweshwa. Mlio ukizidi kuwa mkali, gesi inatafuta njia nyingine ya kutokea. Tafuta masizi meusi kuzunguka flanji na ukaze nati au ubadilishe gasketi. Usilichukulie hili kama suala la kelele tu. Hita ya Beetle inapasha hewa kwa kuipitisha kandokando ya mabomba ya ekzosi, na anayeendesha Limuru au Njombe alfajiri akiwa amefungua hita anaweza kuvuta moshi ambao hauna harufu ya kumshtua.

Plagi iliyolegea, au tundu la plagi ambalo uzi wake umeliwa, nalo linatoa mlio huohuo wa gesi. Hedi ni ya aluminiamu, na plagi zimekazwa kwa nguvu na watu wengi kwa miaka mingi. Injini ikiwa baridi, jaribu kila plagi kwa mkono kwa spana yake. Ile inayozunguka bila kukaza umeshaipata.

Feni na dainamo: toa mkanda kwenye puli ya juu, washa injini kwa nusu dakika, zima. Mlio ukipotea, kosa liko kwenye beringi za dainamo au nati ya feni. Usizidishe muda huo, kwa sababu bila mkanda hakuna feni, na bila feni hakuna kinachopoza injini hii.

Kuna ile kelele ya kucharaza inayokuja ukipanda mlima na gia kubwa na kupotea pale unapopunguza mafuta. Hiyo ni taimingi iliyowahi mno, petroli mbaya, au joto limezidi. Rekebisha hilo upesi, na uache kava za tapeti zilivyo.

Mgongano mzito, “ko-ko-ko” kutoka tumboni mwa injini, unaozidi ukikanyaga na kuachia ghafla, ni jambo jingine kabisa. Unganisha waya wa plagi ya silinda moja na bodi, moja baada ya nyingine, ukiwa umeshika kwa koleo lenye mpira mzima. Mgongano ukipungua ukifika kwenye silinda fulani, konrodi au pistoni ya hapo ina tatizo. Mlio wa valvu hauathiriki sana na jaribio hili. Ikiwa mlio unabadilika unapokanyaga klachi, zima injini, shika puli ya krankishafti kwa mikono miwili, sukuma na vuta. Mchezo wa kawaida ni milimita 0.07 hadi 0.13, ambao mkono hauusikii vizuri. Ukisikia “klok”, beringi kuu imekwisha. Na kama taa ya oili inapepesa pamoja na mgongano huo, gari lisitembee hata kufika gereji, livutwe.

Kupima

Injini ilale usiku kucha. Saa mbili za kupoa hazitoshi, na vuguvugu si baridi. Hedi na silinda hutanuka zikipata joto na kubadilisha nafasi unayotaka kuipima, kwa hiyo kipimo cha injini ya moto hakina pa kulinganishwa.

Zuia magurudumu, inua nyuma ya gari, weka stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, kwa sababu utakuwa na kichwa chako chini ya injini. Futa uchafu kuzunguka makava, sukuma waya wa kubana kuelekea chini, weka chombo cha kukingia matone ya oili. Toa kifuniko cha distributa. Zungusha injini kwa spana ya milimita 21 kwenye nati ya dainamo, au milimita 30 kwenye boliti ya puli ya chini, mpaka alama ya puli ilingane na mshono wa krankikesi na roto ielekee ule mkato mdogo kwenye ukingo wa distributa. Hapo silinda 1 iko juu na valvu zake zote mbili zimefunga. Hakikisha kwa mkono: roka zote mbili zichezecheze. Kama moja imebana na nyingine inacheza, usiamini alama kabla hujatazama tena roto. Kuna puli nyingi za kubadilisha ambazo alama zake ni za taimingi, si za pistoni kuwa juu kabisa. Nyuzi chache za tofauti hazidhuru kipimo cha tapeti.

Chora alama ya pili ya rangi kwenye puli, mkabala kabisa na ya kwanza. Ukishapima silinda 1, zungusha puli kinyume na saa nusu mzunguko, utafika silinda 2. Nusu nyingine ni 3, nusu nyingine ni 4. Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1-4-3-2, na kwa kurudi nyuma unapata 1, 2, 3, 4 bila kuchanganyikiwa.

Sasa andika. Usirekebishe chochote kabla namba zote nane hazijakaa kwenye karatasi. Fundi anayerekebisha huku anapima amefuta ushahidi wote, na kesho mlio ukirudi hana cha kulinganisha nacho.

Chukua mfano huu. Silinda 1: inleti 0.15, ekzosi 0.15. Silinda 2: inleti 0.15, ekzosi 0.20. Silinda 3: inleti 0.15, ekzosi 0.05. Silinda 4: inleti 0.30, ekzosi 0.15. Mwenye gari amekuja kwa sababu ya inleti ya 4, maana ndiyo inayopiga kelele. Sogeza jicho kwenye mshirika wake wa nundu, inleti ya 2: iko sawa. Basi nundu haijaliwa, tatizo liko juu zaidi, upande wa silinda 4 wenyewe: lifta, pushirodi, roka au skrubu. Lakini namba inayopaswa kukunyima usingizi ni ile 0.05 ya ekzosi ya silinda 3, ambayo haikutoa sauti yoyote na ambayo hakuna mtu angeiona kwa kusikiliza.

Kuweka nafasi ni kazi ndogo ukishaelewa namba. Legeza loknati kwa spana ya milimita 13, geuza skrubu kwa bisibisi, kisha ishikilie skrubu isizunguke wakati unakaza loknati. Pima tena baada ya kukaza, kila mara, kwa sababu skrubu hupenda kufuatana na nati. Bamba la 0.15 lipite kwa ukinzani mdogo, la 0.20 likatae. Ukisita kati ya kubana na kulegeza, legeza. Mimi nikiyumba nayumba upande wa kelele.

Namba zinasema nini

Geji inasema 0.15 lakini roka inachezea sana mkononi. Hapa skrubu imechimbika kwa kugongana na ncha ya valvu. Bamba la geji linalala juu ya kingo za shimo, na ile nafasi ya ndani ya shimo haipimwi. Fungua skrubu utazame uso wake kwenye mwanga: ukiona kishimo au mstari, imekwisha, nunua mpya. Skrubu hazina bei kubwa, zibadilishe zote nane. Ncha ya valvu nayo ikiwa na mfereji, skrubu mpya itachimbika upesi vilevile, na dawa yake ni kofia ndogo za chuma kigumu zinazovishwa kwenye ncha, au kusubiri hedi ifunguliwe. Kwa kupima tu, kata bamba la zamani la geji liwe jembamba kuliko kishimo na utapata namba ya kweli.

Valvu zote nane zinalia. Ni nadra vitu vinane kuharibika pamoja, kwa hiyo tafuta kinachozigusa zote. Kwanza oili: iko kwenye kiwango, ni ya aina gani, ina umri gani? Kwenye injini hii oili hufika kwenye roka kwa kupitia ndani ya lifta na pushirodi. Uchafu ukiziba tundu za pushirodi, roka zinakauka, zinalia na shafti yake inaliwa. Ukifungua kava ukakuta roka kavu zenye rangi ya bluu ya joto, toa pushirodi, pulizia hewa, angalia kama mwanga unapita kutoka ncha hadi ncha.

Sababu ya pili ya zote nane kulia ni pushirodi zisizo za kiwandani. Pushirodi za kiwandani zina mwili wa aluminiamu na ncha za chuma, kwa makusudi: zinatanuka karibu sawa na injini. Watu wanaoongeza nguvu ya injini huweka za chuma tupu, ambazo hazitanuki kiasi hicho. Injini ikipata joto, nafasi inakua na makelele yanaanza. Jaribu kwa sumaku katikati ya pushirodi. Ikishika, ni za chuma, na hizo huwekwa karibu na sifuri injini ikiwa baridi, kiasi kwamba pushirodi inazunguka kwa vidole bila roka kuchezacheza. Ukinunua Beetle iliyowahi kuchezewa injini, fanya jaribio hili kabla ya jingine lolote.

Valvu za upande mmoja zimelegea, za upande wa pili ziko sawa. Angalia nati mbili zinazoshika shafti ya roka. Zinakazwa kwa Nm 25, si zaidi. Ikiwa nati inazunguka bila kufikia mkazo, stadi inang'oka kwenye hedi, na kukaza zaidi kunamaliza uzi uliobaki. Hapo ni kazi ya kuweka uzi mpya wa chuma, nayo inafanyika vizuri mafundi wa leidi wakipewa hedi iliyofunguliwa.

Mlio mmoja unaokuja na kuondoka bila mpangilio, na nafasi zote ziko sawa. Sukuma roka kwa pembeni kwa kidole. Ikiteleza ovyo kwenye shafti, washa za springi zimevunjika au zimewekwa kwa mpangilio usio wake. Mara nyingi mtu alishafungua shafti hiyo na vipande vikarudi visivyo.

Valvu moja inalegea, unaiweka, inalegea tena. Anza na vya bei nafuu: loknati isiyoshika, skrubu iliyoliwa. Kisha toa pushirodi, iviringishe juu ya kioo bapa. Ikicheza, imepinda. Itikise karibu na sikio, kwani ncha ya chuma iliyolegea ndani ya aluminiamu utaisikia. Vikiwa vizima vyote, shuka kwenye lifta na nundu.

Valvu mbili za pande zinazokabiliana, zinazogawana nundu, zinalegea pamoja. Mathalani ekzosi ya 1 na ekzosi ya 3. Hii ndiyo habari mbaya, na ndiyo sababu nimesisitiza habari ya nundu nne. Kabla ya kuhukumu, pima mwinuko: weka dayo geji (geji yenye uso wa saa) kwenye roka upande wa valvu, zungusha injini polepole kwa mkono, andika valvu inafunguka kiasi gani. Fanya hivyo kwa valvu zote za aina moja. Nundu iliyoliwa itaonyesha mwinuko mdogo waziwazi kuliko mwenzake. Dalili nyingine ni injini kukosa nguvu na kupiga “puf” kupitia kabureta, hasa nundu ya ekzosi ikiliwa, kwa kuwa gesi iliyoungua haitoki yote na inarudi njia ya inleti.

Fungua na chujio la wavu la chini lenye nati sita ndogo. Pitisha sumaku kwenye ule uchafu wa kijivu. Vumbi la chuma linaloshikwa na sumaku linatoka kwenye nundu, lifta au gia, na vimeta visivyoshikwa vinatoka kwenye beringi. Lifta za injini hii zina uso mpana kama uyoga na hazitoki kwa juu, lazima krankikesi ipasuliwe katikati. Ndiyo maana nasema thibitisha kwanza. Kufungua injini nzima kwa kudhani nundu, halafu ukakuta skrubu iliyochimbika, ni maumivu. Ukibadilisha kamshafti, badilisha na lifta zote nane. Lifta ya zamani juu ya nundu mpya huila upesi.

Kuhusu oili na nundu: oili nyepesi za magari mapya zimepunguziwa zinki na fosforasi ili kulinda vichujio vya ekzosi, wakati lifta zenye uso bapa zinazisugua nundu na kuhitaji kinga hiyo hasa. Tumia 20W-50 au 15W-40 ya madini iliyoandikwa inafaa injini za zamani au za dizeli. Injini inachukua lita 2.5 tu na haina chujio la karatasi la kiwandani, kwa hiyo oili hiyo kidogo inachafuka haraka. Zile chupa za dawa za “kunyamazisha tapeti” zimetengenezwa kwa lifta za haidroliki. Kwenye lifta ngumu za Beetle hazina cha kunyamazisha.

Nafasi inayopungua

Hii haina mlio, na ndiyo inayoua injini. Nafasi ya valvu ya ekzosi inapopungua, ama kiti cha valvu kinadidimia kwenye hedi, ama shina la valvu linarefuka kwa joto na mvuto. Silinda 3 ndiyo mwathirika wa jadi. Kwenye injini za kabla ya modeli ya 1971, kipoza oili kimesimama ndani ya nyumba ya feni juu ya silinda hiyo, kikiiba hewa yake. Baadaye kiwanda kilikihamishia kwenye chumba chake chenyewe. Ikiwa mabati ya kuelekeza hewa yametolewa na fundi aliyeona ni mzigo, kila silinda inakuwa ya 3.

Kanuni ninayofuata ni hii. Nafasi ikishuka kutoka 0.15 hadi 0.10 kwa mara ya kwanza, naiweka sawa na kuandika. Ikishuka tena kwa valvu ileile kwenye kipimo kinachofuata, hedi inatoka, hata kama gari linakwenda vizuri na mwenyewe ananuna. Kipimo cha kompresheni husaidia kushawishi: silinda hiyo ikiwa chini ya wenzake kwa kiasi kikubwa, valvu haifungi tena. Ikiwa kompresheni bado ni nzuri lakini shina linarefuka, usijifariji, kwa sababu valvu inayorefuka iko njiani kukatika. Hedi iliyofungwa upya ni suala tofauti: viungo hujikalisha mwanzoni, kwa hiyo pima tena baada ya kilomita 500 kabla ya kuwa na wasiwasi.

Vitabu vya zamani vilitaka kipimo kila kilomita 10,000. Kwa foleni na joto la Dar es Salaam au Mombasa, fanya kila 5,000, pamoja na kubadilisha oili.

Ukirudisha makava, tumia gasketi mpya. Ukitaka gundi, ipake upande wa kava tu, kidogo. Silikoni inayofinywa kuelekea ndani inakatika vipande na kuishia kwenye chujio. Makava ya kurembesha yenye kina kifupi huguswa na roka na kutoa mlio mpya kabisa. Ukikuta mikwaruzo inayong'aa ndani ya kava, umepata jibu bila kupima chochote.

Mlio uliobaki

Umepima, umeweka, umebadilisha skrubu, ekzosi haivuji, na bado kuna mtetemo mkavu injini ikinguruma bila kukanyagwa, unaopotea ukiongeza mafuta kidogo. Weka bisibisi kwenye krankikesi karibu na pampu ya oili, nyuma ya puli. Ikiwa ndipo penye sauti, fikiria gia ya kamshafti. Ni ya chuma chepesi, na kwenye kamshafti nyingi za kiwandani imeshikwa kwa riveti. Riveti zikilegea, gia inacheza kila mzigo wa springi za valvu unapobadilika mwelekeo. Meno yakiliwa, mwanya kati yake na gia ya krankishafti unazidi milimita 0.05 ambayo ndiyo mwisho wa vipimo vya kiwanda. Toa pampu ya oili utazame uso wa gia kwa tochi, ujaribu kuitikisa kwa bisibisi. Ikitikisika peke yake bila shafti kuzunguka, usiendelee kuendesha. Riveti ikitoka, inaweza kugonga pampu ya oili.

Gia ikiwa imara na meno yake mazima, na mlio ni mdogo, funga pampu kwa gasketi mpya na uache injini ingurume.